Kompyuta uliyojiundia inapogoma Lamu: kutoka dalili hadi kipande kibovu

Miongozo mingi humwambia mtu achomoe kipande anachokishuku, aweke kingine kizima, aone kitatokea nini. Ushauri huo unamfaa mwenye duka la vipuri chini ya nyumba yake. Aliye Langoni au Shela, hapa Lamu, hana pawasaplai (kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) ya akiba kabatini, na ya kuagizwa Mombasa itapanda basi hadi gati la Mokowe upande wa bara, ivuke kwa boti, imalizie safari juu ya punda au mkokoteni. Ikifika ukagundua ubovu ulikuwa kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda, pesa imeshakwenda. Kwa hiyo huku kazi hufanywa kinyume: unapunguza vipande badala ya kuvibadilisha, na unapima kabla ya kuagiza.

Vifaa si vingi. Multimita ya kawaida, bisibisi ya nyota namba 2, mswaki mpya wenye nywele laini, tochi, spika ndogo ya kuchomeka kwenye ubao mama, betri moja bapa ya CR2032, na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi wa simu huwa nayo. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa usiitumie, maana mara nyingi huwa na mafuta yanayobaki juu ya ubao na kunasa vumbi. Kabla ya kugusa chochote ndani, zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha ndipo uanze.

Pawasaplai yenyewe haifunguliwi. Kapasita kubwa iliyo ndani hushika volti karibu 400 za mkondo mnyoofu, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Imekufa kabisa: hakuna taa, hakuna feni

Anzia ukutani. Pima soketi, umeme wa Kenya ni volti 240. Toa fyuzi ya plagi uipime kwa mlio wa multimita, kwa sababu fyuzi iliyokatika mara nyingi haionekani kwa macho. Kama umepitisha waya kwenye kilinda friji, kumbuka kwamba kifaa hicho husubiri dakika kadhaa baada ya stima kurudi. Watu wamefungua kompyuta nzima kumbe taa nyekundu ilikuwa bado inahesabu. Angalia pia swichi ya nyuma ya pawasaplai, na kama ni ya zamani, ule mtelezo mwekundu wa 115 na 230. Ukiwa kwenye 115 na ukachomeka hapa, utasikia mlipuko, na hapo hakuna tena cha kutafuta.

Ukutani kukiwa sawa, shuku kitufe cha kasha. Vitufe vya makasha ya bei nafuu vina chuma duni na hewa ya bahari huvila haraka. Kwenye ubao mama, zile pini za kona ya chini zilizoandikwa F_PANEL, chomoa waya wa PWR SW na uguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Kwa mpangilio uliozoeleka ni pini ya 6 na ya 8, lakini thibitisha kwenye kitabu cha ubao. Ikiwaka, huna haja ya kuagiza kitu: chukua waya wa RESET SW uuchomeke hapo, na kitufe cha kuanzisha upya kiwe cha kuwasha. Waya hizo mbili hazina upande chanya wala hasi. Za taa ndizo zenye upande.

Isipowaka, sasa pima pawasaplai. Chomoa plagi kubwa ya pini 24 kutoka kwenye ubao. Waya wa zambarau hutoa volti 5 za kusubiri wakati wowote soketi ikiwa na umeme, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukipata kati ya 4.75 na 5.25, endelea. Ukipata sifuri, pawasaplai imekufa. Na kama volti hizo zipo plagi ikiwa nje lakini zinapotea ukiirudisha kwenye ubao, kuna kitu kinazivuta chini. Chomoa kwanza waya za USB za mbele ya kasha, kwa sababu milango hiyo hupinda vyuma na kuota kutu, kisha pima tena kabla ya kuulaumu ubao mama.

Baada ya hapo iwashe pawasaplai peke yake kwa kipande cha waya kati ya kijani na cheusi chochote. Waya zote zikiwa nyeusi, kama zilivyo nyingi siku hizi, tazama safu ya upande wa klipu. Ina tundu moja tupu. Anza kuhesabu kutoka ncha iliyo mbali na tundu hilo. Ya nne ndiyo ya kuwashia, na jirani zake wa pande zote mbili ni ardhi. Ile ya volti 5 za kusubiri iko safu ya pili, ya tisa kutoka ncha hiyohiyo. Usihukumu kwa feni, kwani pawasaplai nyingi huacha feni imesimama mpaka mzigo uzidi. Hukumu kwa multimita: njano 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Iliyo nje ya hapo ni mbovu. Iliyo ndani ya hapo haijathibitishwa kuwa nzima, imethibitishwa tu kwamba haijafa. Bila mzigo hata dhaifu huonyesha namba nzuri.

Inawaka sekunde moja halafu inazima

Hii ni shoti mpaka ithibitike vingine. Mkosaji wa kwanza kwenye kompyuta mpya ni vile vijiguu vya shaba vinavyoinua ubao mama kutoka kwenye bati la kasha. Kimoja kikibaki mahali ambapo ubao hauna tundu, kinagusa njia za umeme kwa chini. Vihesabu na ulinganishe na matundu ya ubao. Mkosaji wa pili ni vijilimi vya kile kibati cha nyuma cha milango, ambavyo huingia ndani ya tundu la USB au la mtandao.

Njia ya kujua bila kubahatisha ni kuutoa ubao wote nje. Ulaze juu ya boksi lake la kadibodi, si juu ya mfuko wake wa kijivu. Mifuko mingi ya aina hiyo hupitisha umeme kwa nje. Acha vitu hivi tu: prosesa na kipoza joto chake, kipande kimoja cha RAM, plagi ya pini 24, na plagi ya pini 8 ya prosesa iliyo kona ya juu. Prosesa ikiwa na uwezo wa kutoa picha yenyewe, acha hata kadi ya picha nje. Washa kwa bisibisi. Ikikaa imewaka, kosa liko kwenye kasha au kwenye kimoja cha ulivyoviacha, na unavirudisha kimoja kimoja ukiwasha kila mara. Wengi wanachoka kipande cha tatu wanarudisha vilivyobaki kwa mkupuo, na hapo ndipo wanapoanza upya.

Tahadhari moja ya waya. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ya pini 8 ya kadi ya picha zinafanana lakini si moja. Ikikataa kuingia usiisukume. Na waya zinazochomoka za pawasaplai moja usizihamishie kwenye pawasaplai ya kampuni nyingine. Upande wa pawasaplai hauna mpangilio mmoja wa pini, na waya usio wake unaweza kupeleka volti 12 mahali pa 5 ukaua diski zote kwa mara moja.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kwanza, waya wa skrini umechomekwa wapi? Ukiwa na kadi ya picha, uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Usipokuwa na kadi, hakikisha prosesa yako ina uwezo huo wa kutoa picha ndani yake. Za Intel zenye herufi F mwishoni hazina. Ryzen za kawaida za tundu la AM4 hazina pia, isipokuwa zenye G. Ryzen 7000 nyingi zinayo ndogo, ila zenye F hazina. Hakuna ubovu hapo, kuna kipande kilichosahauliwa kwenye orodha ya kununua.

Pili, subira. Ubao wa DDR5, yaani wa RAM za kizazi kipya, ukiwashwa mara ya kwanza hujifunza RAM yake, na skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Iache dakika 15 kabla ya kuigusa. Anayeizima kila dakika moja anaifanya ianze upya kila dakika moja.

Tatu, soma taa ndogo za ubao, kama zipo: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha), BOOT (diski ya kuanzishia). Inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyokwama. Ikiwa ni DRAM, toa RAM zote, safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye isopropili, acha yakauke, kisha rudisha kipande kimoja kwenye sloti ya pili kutoka prosesa, inayoandikwa A2 kwenye mbao nyingi. Kikandamize mpaka kishikio kirudi kwa mlio. Kuna sloti zenye kishikio upande mmoja tu, na huko ndiko RAM hubaki imeinuka nusu milimita bila mtu kuona.

Kipimo kizuri kisichogharimu kitu ni hiki: chomeka ile spika ndogo, toa RAM zote, washa. Ikilia milio ya kulalamika, basi prosesa iko hai kiasi cha kutambua kwamba haina RAM, na uchunguzi unahamia kwenye RAM na kadi ya picha. Ikinyamaza kabisa, shuku prosesa, ubao, au plagi ya pini 8 ambayo haijaingia hadi mwisho. Maana ya idadi ya milio hutofautiana kwa kila BIOS, ile programu ya ubao inayoanza kwanza, kwa hiyo tafuta kitabu cha ubao wako mwenyewe.

Ukiwa umenunua ubao wa mkono wa pili, BIOS yake inaweza kuwa ya zamani kuliko prosesa. Ubao wa B450 wenye BIOS ya mwanzo hauijui Ryzen 5000. Feni zitazunguka mpaka kesho. Baadhi ya mbao zina kitufe cha nyuma cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi bila kuhitaji prosesa. Flashi hiyo iwe imepangwa kwa FAT32 na faili libadilishwe jina kama kitabu kinavyoagiza. Mwisho kabisa, futa mipangilio ya BIOS: waya ukiwa umechomolewa ukutani, toa ile betri bapa kwa dakika 10, rudisha.

Asubuhi inagoma, adhuhuri inawaka

Hii ndiyo dalili ya mwambao, na miongozo ya bara haiitaji. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote hupuliza chumvi ndani, na feni za kasha huikusanya pamoja na unga wa chokaa unaodondoka kutoka kwenye kuta za mawe. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huvuta maji hewani na kuyeyuka yenyewe, na Lamu usiku hupita hapo mara kwa mara. Basi alfajiri ubao una utando wa maji ya chumvi kati ya pini na pini. Umeme unavuja kidogo, ishara ya kuwasha inachanganyikiwa, au RAM haisomeki. Jua likipanda chumba kinakauka, na kompyuta inawaka kana kwamba haikuwa na lolote. Huku chuma kinaendelea kuliwa.

Thibitisha hivi: asubuhi inapogoma, ichomoe ukutani, fungua ubavu wa kasha, ipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele kwenye joto la chini kabisa, umbali wa sentimita 30, kwa dakika 10. Ikiwaka baada ya hapo, umempata mwizi. Kisha tafuta alama kwa tochi: rangi ya kijani au samawati ni shaba inayooza, unga mweupe ni alumini au chumvi yenyewe. Mahali pa kutazama ni karibu na feni ya mbele, milango ya nyuma, pini za F_PANEL, na mgongo wa ubao, ambao hausafishwi na mtu.

Usafishaji wenyewe: toa ubao, toa betri bapa, toa RAM na kadi. Prosesa iache ndani ya tundu lake na kipoza joto juu yake. Ondoa vumbi kavu kwanza kwa mswaki, ndipo ulowanishe kwa isopropili na kusugua taratibu ukielekea ukingoni, ili uchafu utoke badala ya kusambaa. Sloti za RAM zipigwe mswaki kwa urefu wake. Isopropili huyeyusha chumvi kwa shida, kwa hiyo palipo na ganda jeupe lianze kuondolewa kwa pamba iliyoguswa maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya kujazia betri za gari yasiyo na tindikali, na mara moja lifuatwe na isopropili. Kausha kivulini mbele ya feni saa 24. Kompresa ya gereji iache; katika hewa ya huku hutema maji.

Mahali inapowekwa ni nusu ya tiba. Isikae mbele ya dirisha linalotazama bahari. Wala isitiwe ndani ya kidaka cha ukutani hata kama kinaipendeza sebule, kwani hewa ya moto haina pa kutokea, na ukuta wa mawe ya matumbawe hushika unyevu mgongoni mwake. Ikizimwa ifunikwe kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani.

Inajizima ghafla ikiwa kazini

Gawa mara mbili: joto au umeme. Weka programu ya kusoma vipimo, kama HWiNFO, na uangalie prosesa ikiwa na kazi nzito. Prosesa nyingi za sasa hujipunguza mwendo zinapofika kati ya nyuzi 90 na 100, na huzima zikishindwa. Ikifika huko ndani ya nusu dakika, kipoza joto hakigusi vizuri: karatasi ya plastiki haikubanduliwa, skrubu zimekazwa upande mmoja, au pesti ya kupitisha joto kati yake na prosesa imekauka. Ikipanda polepole kwa nusu saa, tatizo ni hewa ya kasha na vumbi.

Kama joto ni la kawaida na inakatika papo hapo mchezo unapoanza, ni pawasaplai inayojilinda. Jumlisha: kadi ya wati 200, prosesa ya 125, vingine 75, ni 400, ya wati 550 ya kweli inatosha, ya 500 ya bei ya kutupa haitoshi hata kama imeandikwa hivyo. Kumbukumbu ya Windows inayosema Kernel-Power 41 haikwambii chanzo. Inasema tu kwamba ilizimika bila kuagwa.

Nyumba zenye sola zina ugonjwa wao. Inveta ya bei nafuu hutoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, na pawasaplai za kisasa zenye kusahihisha nguvu ndani hazilipendi: hunguruma, hupata moto, au hukatika UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, inapochukua zamu. UPS nyingi ndogo hutoa wimbi hilohilo. Jaribu saa chache moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani bila UPS wala inveta. Kukatika kukikoma, usiiguse kompyuta. Tafuta inveta au UPS ya wimbi laini.

Kasha linapiga shoti kidogo

Ukigusa chuma ukiwa pekupeku juu ya sakafu unasikia mtetemo, na testa inawaka. Pawasaplai haijaharibika. Kichujio chake kina kapasita mbili kutoka kwenye nyaya za umeme hadi kwenye kasha, na pasipo na waya wa ardhi kasha hukaa karibu nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo. Nyumba kongwe nyingi zina soketi za matundu matatu ambazo la tatu halina kitu nyuma yake. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni. Kufunga waya kwenye bomba la maji ni kumpelekea jirani shoti.

Inaganda, au skrini ya samawati bila mpango

Zima XMP au EXPO, mipangilio ya kuikimbiza RAM, kwenye BIOS kwanza. Ikitulia, RAM haikuwa inaweza mwendo ulioiamuru. Isipotulia, endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi usiku kucha, kipande kimoja kimoja, kwenye sloti ileile. Kipande chenye kosa hata moja ni kibovu. Vipande vyote vikitoa makosa kwenye sloti moja na kupita kwenye nyingine, kibovu ni sloti, na mara nyingi mswaki na isopropili huitibu.

Diski haionekani, saa inarudi nyuma

Soma ripoti ya SMART, ambayo diski hujiandikia kuhusu afya yake, kwa programu ya CrystalDiskInfo au smartctl. Namba ya C7 ikizidi kupanda, badilisha waya wa SATA, ule wa data kati ya diski na ubao. Diski ni nzima. Namba za 05 na C5 zikipanda, hamisha mafaili leo. Ikiwa diski ya SATA ilipotea baada ya kuweka SSD ya M.2, ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, tazama kitabu: mbao nyingi huzima mlango mmoja au miwili ya SATA tundu la M.2 likitumika.

Saa inayorudi nyuma, pamoja na tovuti zinazokataa kufunguka kwa madai ya cheti, ni betri ya CR2032. Mpya ni volti 3. Chini ya 2.8 itupe.

Ikibidi kipande kiende Mombasa chini ya dhamana, pima tena na uandike namba ulizopata kwenye karatasi itakayokaa ndani ya boksi. Kompyuta nzima ikisafiri, toa kadi ya picha na kipoza joto kikubwa, uvifunge pembeni. Mkokoteni kwenye vichochoro na boti kwenye mawimbi ya kusi hung'oa sloti. Weka mifuko michache ya silika ya kufyonza unyevu ndani na uzibe boksi kwa tepu pande zote.